Chakula cha Aliyezikwa

Bi Wadha aliteguka mguu Jumatatu, na mpaka Jumatano hakuwa amemwambia mtu kwamba kinachomuuma zaidi si mguu, ni sahani.

Siku hiyo bintiye Badria alipita kumjulia hali akitoka kazini Nizwa, Omani. Badria alikuwa muuguzi, mwaka wa kumi na mbili sasa, mwanamke wa vipimo na vidonge asiyekuwa na subira na habari za majini. Alimkuta mama yake amekaa juu ya godoro la sebuleni, mguu umefungwa bendeji, na mbele yake sahani ya wali na samaki imefunikwa kawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa... La, usikae. Jua halijatua. Nipelekee hii."

"Wapi?"

Bi Wadha akaonyesha kwa kidevu, dirishani, juu ya migomba na mitende ya Birkat al Mauz, kule kilimani zilikobaki nyumba za udongo za wazee wa zamani. Nyingi ni magofu.

"Kule hakai mtu, mama. Nampelekea nani?"

"Mdogo wako."

Badria akakaa.

Mdogo wake, Shatha, alikuwa na miezi saba kaburini. Alianguka jikoni asubuhi akikaanga mayai, adhuhuri hospitali wakasema basi, alasiri akazikwa. Badria mwenyewe alikuwa mmoja wa waoshaji.

"Hakufa," alisema Bi Wadha kwa sauti ndogo. "Wamemfanya mghayyab."

Neno lile Badria alilijua. Ndilo la Waomani kwa kile ambacho wazee wake, waliozaliwa Tabora, wakikiita msukule. Mchawi humtamani mtu, akawafumba watu macho. Wao huzika kitu kingine wakilia kwa uchungu, na mwenyewe yu hai mahali, hana ulimi, hana hiari, anatumikishwa.

"Mama, wallahi, mambo haya yako dunia nzima. Hata Haiti, huko visiwa vya Karibi, watu wa Vodou husema vivyo hivyo. Maiti hufufuliwa akalime shamba la mtu. Wataalamu wameandika. Ni uvumi tu."

"Watu wa Haiti na sisi, bahari ngapi ziko katikati?"

"Nyingi."

"Basi nani aliyemfundisha mwenzake uongo?"

Badria akainua viganja vyake. Akasema, "Mimi nimemwosha kwa mikono yangu hii."

"Umeosha mgomba, mwanangu."

Jikoni friji ilinguruma, ikanyamaza.

Ndipo mama akaeleza yote. Miezi miwili sasa, kila alasiri, alikuwa akipanda kilimani na fimbo yake, anaweka sahani kwenye kizingiti cha nyumba moja alimoona kivuli cha mwanamke, anakaa nje akizungumza na mwanawe. Kesho yake sahani tupu. Badria akaelewa kwa nini mama yake amekonda, na kwa nini sukari haitulii. Chakula alichopaswa kula yeye kilikuwa kinapanda kilimani.

"Ni paka, mama."

"Paka hawaoshi sahani."

Badria akainuka, akaichukua ile sahani. Si kwa kuamini. Aliazimia kwenda kupiga picha paka wanakula, amwonyeshe, yaishe, khalas. Mama akamshika ushungi.

"Usimwite jina. Mghayyab akisikia jina lake hukumbuka. Akikumbuka hutaka kutoka, na kutoka hawezi. Utamtesa bure."

Njia ilifuata falaji, ule mfereji wa maji unaopita katikati ya mashamba. Upepo ulikuwa kidogo tu, lakini majani ya migomba yalisuguana kama kanga za watu wanaotembea pembeni yake. Chini ya kilima palikuwa na mkahawa. Wageni wanakunywa kahawa na kucheka. Akapanda. Kicheko kikabaki nyuma. Akapanda tena. Hata mbwa hakubweka.

Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa na mlango wa mbao, umelegea kwenye bawaba. Akausukuma.

Ukumbini, chini ya ukuta, palikuwa na sahani tatu za mama yake. Zimeoshwa. Zimefudikizwa moja juu ya nyingine kama afanyavyo mtu mwenye malezi.

Akaigusa ya juu.

Ilikuwa bado na maji.

"Nani hapa?" alinong'ona. Alitaka kupaza sauti, ikatoka mnong'ono.

Harufu ikamjia. Kafuri. Muuguzi hukutana na harufu nyingi, lakini ile haina mahali pengine. Ni ya sanda. Ilitoka chumba cha nyuma, ghala la zamani la tende, lenye mlango mfupi, lisilo na dirisha. Badria akaweka sahani chini, akawasha tochi ya simu, akainama, akaingia.

Chumba kilikuwa kitupu. Kwenye vumbi la sakafu palikuwa na umbo, bonde la urefu wa mtu, la mtu aliyelala ubavu wa kulia. Badria akageuza uso kutafuta upande. Umbo lilielekea kibla.

Hapo boriti ikalia juu.

Krrr...

Hakuwahi kuinua kichwa. Mkono ulimshika shingoni kwenye ushungi, ukamvuta nyuma kwa nguvu akaanguka chali. Pale alipokuwa amesimama boriti ikatua, na udongo wa dari nyuma yake, na simu chini ya udongo.

Giza.

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Akatambaa kwenda mlangoni. Hapakuwa na mlango, palikuwa na kifusi. Akachimba kwa kucha. Kila konzi moja aliyotoa, mbili zilishuka. Akapiga kelele, na kelele ikamrudia usoni. Kuta za zamani ni nene, urefu wa mkono mzima. Mbali, kama chini ya maji, akasikia adhana ya magharibi. Watu wanatawadha. Watu wanatandika misala. Hakuna anayejua yuko wapi ila kikongwe mwenye mguu mmoja mzima.

Akafikiri, hivi ndivyo. Hivi ndivyo inavyokuwa.

Akajilazimisha kukaa, asimalize hewa. Akasikiliza. Pumzi zilikuwa zake peke yake. Lakini ile harufu ilikuwa imesogea. Ilikuwa begani kwake.

Kuna aliyemvuta. Akanyoosha mkono taratibu gizani, akagusa vidole.

Havikukimbia. Vilikuwa baridi, vyembamba. Vya mwanamke. Badria, kwa miaka kumi na miwili ya kazi, alifanya kile ambacho mkono wake ulikijua bila kumwuliza: akapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, akatafuta mshipa.

Hakuna.

Akangoja.

Pigo moja.

Akahesabu. Kumi. Ishirini. Thelathini na moja, thelathini na mbili...

Pigo.

Mtu hai moyo wake haupigi hivyo. Maiti haupigi kabisa.

Hapo lilimrudia jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote, si mama, si mume. Siku ile ya kuosha, alipokuwa anamgeuza mdogo wake, vidole vyake viliteleza shingoni, na akahisi kitu. Kidogo. Kama samaki anayegeuka chini ya maji. Wanawake wengine walikuwa wanamtazama, sanda iko tayari, wanaume wanasubiri nje na jua linashuka. Akajiambia ni mapigo yangu mwenyewe. Akasema, "Endeleeni."

"Shatha?" alinong'ona.

Vidole vikafumba.

Vikamkamata mkono wa kulia juu ya kiganja, vikakaza, mpaka akahisi mifupa inasogeleana. Na mbele ya uso wake, karibu kabisa, ikaanza sauti. Haikuwa maneno. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kusema huku mdomo umejaa pamba.

"Mmm... mmm..."

"Niache. Niache, habibti, niache..."

"Mmm..."

Muda gani ulipita hakujua. Kisha juu ya kifusi ukapenya mwanga, mdogo kama sarafu, na sauti ya msichana.

"Dada! Mtoto wa bibi! Uko hai? Usisogee, nachimba!"

Kifuniko cha sufuria kilikwaruza udongo. Tundu likawa la ngumi, likawa la kichwa. Badria akajisukuma kuelekea pale, na ule mkono ukaja naye. Haukumwachia. Alipoingiza mabega kwenye tundu, ulikuwa bado umemshika, unavutwa naye, kama mtu anayeomba atolewe.

Badria alivuta. Haukuachia.

Akapiga teke nyuma.

Naam, alipiga teke. Mara moja, mara mbili, mpaka kitu laini kikapokea kisigino chake na vidole vikateleza. Akatoka kwa tumbo, na nyuma yake dari yote iliyosalia ikashuka. Vumbi likatoka tunduni kama moshi. Kisha hapakuwa na tundu.

Aliyemtoa alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, na kurunzi ndogo mkononi. Kando yake palikuwa na ndoo ya maji. Jina lake Mwajabu, wa Korogwe. Alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja mbali na hapo; walimnyang'anya pasi ya kusafiria, wakimwamsha kabla ya alfajiri na kumlaza baada ya wote, mpaka siku moja akatoka na takataka asirudi. Miezi miwili alikuwa amejificha pale.

"Nisamehe, dada. Chakula nilikuwa nakula mimi. Bibi anakaa hapo nje analia, anasema na mwanawe, anawataja nyote, mimi najificha. Nilijua si changu. Ila njaa... Nikasema angalau nimwoshee sahani; hata leo nimezisuuza tena."

Badria akacheka. Alicheka kwa nguvu, mgongo ukutani, machozi na udongo vikichanganyika. Basi ni hivyo tu! Si paka, si mchawi. Ni mtoto wa watu mwenye njaa.

"Allah akujazi kheri," alisema. "Na kwa kunivuta kule ndani. Kichwa changu kingepasuka."

Mwajabu akamtazama.

"Kukuvuta?"

"Boriti ilipoanguka."

"Mimi nilikuwa chini falaji, dada. Nateka maji. Nilisikia kishindo nikapanda mbio, nikaona sahani ya bibi hapo chini."

Kicheko kikaisha.

"Si wewe unayelala chumba kile?"

"Mle?" Mwajabu alisogea mbali na kifusi bila kujijua. "Mimi nalala hapa ukumbini. Mle kuna mwenzangu. Nilimkuta. Nikadhani naye katoroka kwa mabosi, kwa vile alivyo. Nikimwekea chakula, hali. Nikimwuliza jina, ananitazama. Nikasema, labda bubu." Akamulika kifusi. "Hajatoka?"

Badria akainuka. "Twende," alisema. "Twende nyumbani."

Na Mwajabu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa amezoea kuambiwa twende na kwenda, alimfuata. Ila njia nzima aligeuka nyuma.

Bi Wadha alikuwa mlangoni, anashikilia ukuta. Alipoona vivuli viwili vinakuja pamoja, moyo wake ulipaa. Badria aliuona ukipaa, na akauona ukishuka taa ilipomfikia Mwajabu usoni.

"Mama, huyu ndiye aliyekuwa akila. Maskini ametoroka kazi."

Mama alimtazama yule msichana, nyayo zake, viganja vyake vilivyochubuka. Akamshika mkono, akamkalisha, akampakulia. Kisha akapakua sahani ya pili, akala mwenyewe, kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, machozi yakidondoka kwenye wali.

"Na mdogo wako?" mama akamwuliza Badria. "Hukumwona?"

"Hamna mtu, mama."

Mwajabu aliacha kutafuna. Akamtazama Badria, akainamisha macho.

Mambo yalikwenda vizuri baada ya hapo, ukiuliza watu. Badria alihangaika ofisi hadi ofisi, Mwajabu akapata karatasi za kusafiria, akarudi kwao mwezi uliofuata. Sukari ya Bi Wadha ilitulia. Habari za mghayyab alianza kuzisema kama ndoto ya mtu mwingine, na baadaye hakuzisema tena.

Badria peke yake ndiye aliyebaki na mkono wake. Alama zilikuwa tano, za rangi ya zambarau, juu ya kiganja cha kulia. Mtu akipagawa hujikamata mwenyewe, hilo amelisoma, tena amewahi kuliona wodini. Usiku ule ule wa kutoka kilimani alijifungia chooni, akaweka vidole vyake vya kushoto juu ya zile alama. Havikulingana. Kidole gumba kilikuwa upande usiofaa. Akajaribu hivi, akajaribu vile. Akashusha mkono wa nguo, na kwa wiki mbili alivaa mikono mirefu hata kwenye joto.

Kufukua pale kilimani si kazi kubwa. Wanaume wawili na koleo, nusu siku. Mara tatu amefika mpaka kwenye falaji na kurudi. Kama hakuna kitu chini ya kile kifusi, basi yeye ni mgonjwa na atajitibu. Lakini kama kipo... Hapo ndipo fikra zake hugota, kama mtu aliyepapasa ukuta gizani.

Juma lililopita Mwajabu alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Korogwe. Nyuma yake kuku walisikika, na watoto. Alisalimia, akamwombea dua bibi, akasema mama yake mzazi anashukuru sana. Kisha sauti ikaja karibu, kama amesogeza simu mdomoni.

"Dada Badria... yule mwenzangu. Mlimtoa?"

Badria ameusikiliza ujumbe ule mara nyingi, ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Hajaujibu.