Kitabu cha Eliamini Ngwijo

"Irine, hicho kitabu kilichapwa mwaka gani?"

Irine aliweka jembe chini, akahamishia simu sikio la pili. Alikuwa katikati ya shamba la tangawizi la baba yake, kule Mamba milimani, udongo umemjaa hadi magotini.

"Kitabu gani?"

"Kitabu gani tena? Barua za Mlimani, cha Eliamini Ngwijo. Si ndicho unachotunukulia kila asubuhi? Mimi nauza vitabu hapa Same mjini, nimepiga simu Moshi, nimepiga Dar, hakuna anayekijua."

"Ni cha zamani, Melki. Jalada limetoka, na kurasa za mwanzo zililiwa na mchwa."

"Basi Jumamosi napanda huko nikione mwenyewe. Mwalimu Devotha wa kundi letu anataka ukisome siku tutakapokutana wote hapa Same."

"Njia ni mbaya, Melki."

"Bodaboda zipo. Na Irine... si kitabu tu kinachonileta."

Akakata simu. Irine akakaa palepale kwenye tuta.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na kitabu. Hakukuwa na Eliamini Ngwijo.

Miezi mitano nyuma, Irine aliingia kwenye kundi la WhatsApp liitwalo Neno na Nukuu, ambako Wakristo zaidi ya mia walitumiana maneno ya waandishi na tafakari za imani. Akatuma maneno aliyoyatunga mwenyewe akipalilia: "Tangawizi haikui kwa kuangaliwa. Unaifukia, unaondoka, unamwachia aliyeiumba."

Mtu akauliza, "Nani kasema?"

Akajibu, "Mimi."

Kundi likanyamaza. Baadaye mtu mwingine akatuma tangazo la kwaya.

Kesho yake alituma mengine, na chini yake akaandika jina na kitabu vilivyomjia kichwani: Eliamini Ngwijo, Barua za Mlimani. Zikamiminika "Amina" arobaini na mbili, pamoja na ujumbe wa faragha wa Melkizedeki, muuza vitabu: "Dada, neno hili limenigusa sana." Tangu hapo wakawa wanachati na kupigiana simu kila jioni. Irine alimpenda kabla hajamwona, na kadiri alivyompenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema kweli.

Jumamosi ilifika. Melki aliteremka kwenye bodaboda, suruali imejaa vumbi, mkononi ana mkate na sukari. Mzee Elibariki, baba yake Irine, alikuwa barazani akichambua tangawizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Karibu. Umetoka mbali?"

"Same mjini, mzee. Nimekuja kuona kitabu cha Eliamini Ngwijo."

Mzee akaweka tangawizi chini.

"Ngwijo? Nimezaliwa hapahapa Mamba, ukoo huo sijawahi kuusikia. Irine! Mgeni wako anamtafuta nani?"

Irine alitoka ndani ameshika daftari kubwa la jalada gumu. Akampa Melki bila kumtazama usoni.

"Kitabu ndicho hicho."

Melki akafungua. Mistari iliyokatwakatwa kwa kalamu, alama za vidole vyenye udongo.

"Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu. Ngwijo ni mimi. Nilitaka kukwambia, nikaogopa."

"Miezi mitano, Irine! Nimekueleza mambo ambayo hata mama yangu hayajui, kumbe unanidanganya? Tena kwenye kundi la neno la Mungu?"

"Nimekosa. Nisamehe."

"Nitamwaminije tena mtu kama wewe?"

Hapo Irine akainua uso. Akatoa simu, akaanza kupekua jumbe za zamani.

"Subiri. Nikusomee ujumbe wa mwezi wa tatu, ulioandikwa mbele ya kundi zima: 'Barua za Mlimani! Nilikisoma nikiwa kidato cha tatu. Sura ya mwisho ilinitoa machozi.' Huyu ni nani?"

Melki akafunga daftari.

"Sura ya mwisho inasemaje, Melki?"

Masikio yakamwiva Melki kwa aibu. Mzee Elibariki, aliyejifanya hasikii, akaangua kicheko hadi tangawizi zikamwagika.

"Kumbe... ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua. Ningekuumbuaje bila kujiumbua?"

Melki akajibwaga juu ya gunia.

"Nilitaka unione msomi. Muuza vitabu asiyekijua kitabu chako, ningeongea nini na wewe?"

"Na mimi nilitaka kusikilizwa."

Wakatazamana, kisha wakaanza kucheka wote wawili. Melki akarudi kwenye daftari, akasoma kurasa nyingi.

"Na huyu 'ndugu wa tambarare anayecheka kabla hajamaliza kusimulia' ni nani?"

"Soma kimyakimya."

Kabla hajaondoka, waliandika kwenye kundi. Irine alianza: "Wapendwa, Eliamini Ngwijo hayupo. Maneno yote nimeyaandika mimi, Irine Elibariki, mkulima wa tangawizi. Niliona aibu kutumia jina langu. Naomba msamaha."

Melki akafuata: "Na mimi sijawahi kusoma kitabu ambacho hakipo. Naomba msamaha pia."

Kisha mwanakundi mmoja, Elinaza wa Maore, akaandika: "Jamani! Nimehubiri Jumapili nikamtaja marehemu Ngwijo!"

"Nani alikwambia amekufa?" Irine akauliza.

"Nilidhani tu."

Vicheko vikajaa. Lakini Mwalimu Devotha, kiongozi wa kundi, hakuandika. Alipiga.

"Irine, nimekasirika. Kusingizia mtu maneno ni uongo, hata kama mtu huyo hayupo."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusamehe. Sasa Jumamosi ijayo unakuja Same, unasimama, unasoma kwa jina lako. Ukikimbia, nakutoa kundini."

Irine alikwenda. Ukumbi ulijaa, akasimama, akasoma: "Nilimwomba Mungu mvua huku nimeanika nguo. Mvua ikaja, nikakimbilia nguo, nikasahau kushukuru."

Walicheka kwanza. Halafu mama mmoja wa mstari wa mbele akafuta macho kwa kanga, akasema "Amina" kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nje ya ukumbi Melki alimshika mkono.

"Nataka kumletea mzee barua ya posa."

"Ilete. Anakuulizia kila siku."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ndiye ninayemtuma aulize."

Walifunga ndoa Desemba, Mamba, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Gari la bwana harusi lilikwama kwenye utelezi, akamalizia mlima kwa bodaboda, suti ndani ya koti la mvua, akaingia kanisani viatu mkononi. Mchungaji alipoanza kumuuliza Irine kama anamkubali Melkizedeki, alijibu "Ndiyo!" kwa sauti kubwa, ikasikika hadi nje walikosimama waliokosa nafasi. Vigelegele vikaanzia huko, kabla mchungaji hajamaliza swali lake.