Koili Iliyokula Sauti

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, Chiriku aliketi mbele ya redio katika karakana ya shangazi yake na kugonga alama za Morse: nukta, mkato, nukta. Jina hilo alipewa kwa domo lake, lakini tangu kaka yake pacha aende shule ya bweni, hakuwa na wa kupiga naye soga. Hata chumba chao kilimtia upweke, na kitanda cha pili kilikaa kimetandikwa tu.

Walikuwa wameahidiana: yeye angeita kwanza, kaka angemjibu kwa redio ya shule. Jumamosi ya tatu sasa, kimya.

"Kanisahau," alisema. "Kapata marafiki wapya."

"Usimhukumu haraka," alijibu shangazi, fundi wa redio mwenye leseni. "Mita ya mtambo inasemaje?"

"Safi kabisa! Mshale umetulia tuli."

Shangazi akakunja uso. "Mbona safi mno kwa antena fupi hivi? Zima mtambo."

Akaigusa koili, waya ambao Chiriku mwenyewe aliuzungusha kwenye bomba la plastiki. Mawimbi ya masafa ya chini ni marefu kupindukia, na antena ya juu ya paa ni fupi. Koili ndiyo huisaidia ifanye kazi ya antena ndefu. Koili hii ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai.

"Ulitumia ule waya mnene niliokupa?"

"Ndiyo, shangazi." Kisha Chiriku akainamisha uso. "Hapana. Waya huo uliniumiza vidole. Nikatumia mwembamba, nikaufunika kwa tepu usiuone."

Shangazi hakumgombeza. "Waya mwembamba hupinga umeme, mwanangu. Nguvu zetu nyingi zinaishia hapa kuwa joto. Mita inajua tu kwamba mtambo umeridhika, haijui kama kuna kilichotoka nje."

"Kumbe kaka naye ameningoja Jumamosi zote tatu!" Machozi yakamtoka.

Wiki nzima alizungusha waya mnene, akiacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko, hadi vidole vikachubuka. Jumamosi akaita. Kimya. Akaita tena. Ndipo spika ikalia kwa sauti hafifu, na Chiriku akaandika herufi moja moja: NILIDHANI UMENISAHAU.

Chiriku akaangua kilio, kisha akacheka na machozi yake.

"Umeona?" shangazi alisema, akimshika bega. "Ulilipua kazi ukanificha mimi, lakini aliyeumia ni mwenzio aliyekaa akikusubiri. Fanya kazi kwa uaminifu hata pale pasipoonekana. Haya, mjibu, asingoje tena."