Mawe ya Kushikilia Mizizi

Ko.

Kimya.

Ko... ko.

Anneth alifumbua macho gizani akasikiliza. Ilikuwa sauti ya jiwe likigonga kioo, polepole, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuwaamsha wenye nyumba. Usiku ulikuwa umekwenda sana, hata mbwa wa mtaa wa Kwa Mrombo walikuwa wamechoka kubweka. Akajiambia ni kobe tu, kobe wanafukua kokoto, ndiyo kazi yao, kutwa kuchimba na kugeuza. Akajivutia shuka hadi puani, akangoja moyo umwende mbio.

Haukwenda. Moyo wake ulikuwa umeacha kwenda mbio tangu masika yaliyopita.

Masika yale alikwenda hospitali na tumbo, akarudi mikono mitupu. Mtoto wa kiume, hakulia. Hawakumwonyesha. Alipozinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa, wazee wa upande wa mume walikuwa wameshamchukua wakaenda naye kwao Ngaramtoni, na Koikai, mumewe, alimwambia tu, "Ameshalazwa, mke wangu, usiulize." Naye hakuuliza. Maziwa yakaja, yakakauka. Toka hapo Anneth akawa kama mguu uliofa ganzi. Alipika, alifua, alimsuka nywele binti yake Angel wa miaka minne, lakini vyote alivifanya kama anamfanyia kazi mtu mwingine.

Ndiyo maana Koikai alileta wale kobe. Alikuwa dereva wa watalii, na mgeni mmoja aliyekuwa akihama Arusha alimwachia kobe wawili wa majini, wadogo kama visosi, na tangi la kioo refu kama benchi la kanisani, na taa ya joto, na mashine ya kuchuja maji. "Angalau upate kitu cha kukushughulisha," alisema, kisha akaenda zake Serengeti na wageni, huko ambako simu haishiki.

Na kweli alishughulika. Alisoma kwenye simu kwamba kobe wa majini hawapendi kukaa kwenye kioo kitupu, wanataka mahali panapofanana na kwao, mchanga, mizizi, majani ya kujifichia, na sehemu kavu ya kupanda waote joto. Basi akaosha mchanga wa mtoni mpaka maji yakatoka meupe. Akakinga maji ya bomba, akayaacha yalale kwenye ndoo ili dawa itoke. Akaokota mzizi mkavu wa mti, akauchemsha kwenye sufuria la sherehe, na Mama Yona, jirani wa mlango wa pili, akaja kusimama na mikono kiunoni.

"Wenzako wanafuga kuku wapate mayai. Wewe unafuga vifuniko vya sufuria."

"Wanakula, Mama Yona. Wana faida yao."

"Hata mume wangu anakula. Sijamnunulia taa."

Anneth alicheka kwa mdomo. Kazi ilikuwa imebaki moja tu. Kobe wanang'oa mimea, ukipanda leo kesho unaikuta inaelea, kwa hiyo mizizi inabidi uifunge kwa uzi kwenye mawe mazito, laini, yasiyo na ncha za kuwakwaruza. Na mawe ya namna hiyo alijua yako wapi.

Chini ya shamba la mama mkwe wake, kule Ngaramtoni, kulikuwa na chemchemi. Anneth alikuwa Mchaga wa Machame, ameolewa na Waarusha, na miaka yote ya ndoa yake yule mama, ambaye alimwita yeyo kama wanawe wanavyomwita, hakuwahi kumtuma kwenye chemchemi ile. Alimtuma bombani, ingawa bomba ndilo lililokuwa mbali. Anneth alidhani ni kwa sababu ya utelezi.

Alifika na Angel jua likishuka nyuma ya migomba. Yeyo alikuwa sokoni. Wakateremka wenyewe na ndoo, wakang'oa majani membamba ya majini, na hapo Anneth akayaona mawe, yamelazwa kwa mstari ndani ya maji ya kina kifupi, duara, kila moja la kuenea kwenye viganja viwili. Yameota kijani laini kama manyoya ya kifaranga. Alidhani yamepangwa ili watu wakanyage wakivuka. Akachukua manne, matatu ya kijani, na moja la pembeni ambalo halikuwa limeota kitu chochote, jeupe, safi, kama limewekwa jana.

Hilo jeupe alilitoa kwenye maji akalishika kifuani kidogo kabla ya kulitia kwenye ndoo. Hakujua kwa nini.

Tangi lilipokamilika lilipendeza mno, Mama Yona mwenyewe alinyamaza. Majani yalisimama yakicheza kwenye maji, kila shina limefungwa kwa uzi mweusi kwenye jiwe lake, mwanga ukishuka hadi mchangani. Kobe tu ndio hawakupenda. Walipanda juu ya mzizi wote wawili, wakabanana, shingo nje, wakiangalia chini kwenye mawe. Hawakushuka hata kula.

Angel yeye hakutoka hapo. Alisogeza stuli, akabandika sikio kwenye kioo.

"Mama, huyu anasikia baridi."

"Kobe wana taa yao, mwanangu."

"Si kobe. Huyu mweupe."

Anneth akamwambia aache maneno, aende akanawe.

Hiyo ilikuwa jioni ya jana yake. Sasa alikuwa amelala anasikiliza.

Ko... ko... ko...

Halafu ikakoma.

Na kukoma kwake ndiko kulikomtoa kitandani. Kulikuwa na harufu. Harufu ya tope, na juu yake harufu ya maziwa, ile ya nguo ya mama anayenyonyesha. Akapapasa upande wa Angel. Shuka lilikuwa la baridi. Akawasha tochi ya simu, akatoka sebuleni kwa kunyata, na mwanga ukawaangukia kwanza kobe. Walikuwa nje ya tangi. Wawili hao walikuwa mlangoni, wamebana chini ya kizingiti, wanakwaruza mbao kwa kucha watoke.

Akainua mwanga.

Angel alikuwa amesimama juu ya stuli, mkono wake umezama kwenye maji hadi begani.

"Angel..."

"Shh, mama. Ameshika kidole changu."

Anneth alimkamata kiunoni akamvuta. Mkono haukuja. Akavuta tena, na kitu ndani ya maji kikavuta nacho, si kwa nguvu, kwa kung'ang'ania tu, na mtoto akaanza kulia kwa sauti ndogo. Kisha kikaachia ghafla, kama mtoto mchanga anavyoachia ziwa.

Wakaanguka chini wote. Kidole cha Angel kilikuwa cheupe, kimekunjamana, na kukizunguka kulikuwa na alama ndogo nne, na ya tano upande wa pili. Ndani ya tangi lile jiwe jeupe lilikuwa limebandikana na kioo. Uzi wake ulielea juu.

Koikai hakupatikana. Akampigia mama mkwe, na simu ikapokelewa upesi, kama mtu alikuwa ameikalia.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Yeyo... kwenye chemchemi ya chini... nilichukua mawe."



"Na lile jeupe?"

"Nalo."

"Mkono wa mtoto ukoje?"

Anneth hakuwa amesema neno lolote juu ya mkono.

"Una baridi," alinong'ona. "Unazidi kupanda."

"Mpakate. Asilale, umenielewa? Akilala atamwendea. Kukipambazuka umlete, uwalete na hao wengine. Na usiwatie kwenye ndoo tena, mwanangu. Wafunge kwa kanga. Wabebe mgongoni."

Basi alfajiri Anneth akajifunga mawe mgongoni kwa kanga, akampakata Angel mbele, akapanda bajaji. Dereva alimtazama kwenye kioo. "Hongera mama, mapacha?" Anneth akaitikia asante. Mtoto wa mbele alikuwa wa baridi hadi shingoni, macho yamemlegea, haongei. Wa mgongoni walikuwa wa moto.

Yeyo alikuwa amesimama chemchemini na kibuyu cha maziwa. Hakusalimia. Alimtazama Angel tu, akafungua kifuniko cha kibuyu, akaanza kuongea huku macho yake yako kwenye maji.

"Katika ukoo wetu, mtoto asiyelia hatumwachi hivihivi. Mwili unazikwa, lakini yeye anatafutiwa jiwe, analazwa hapa. Maji yanambembeleza badala ya mama yake. Ukiona ameota kijani, ujue amelala." Akanyoosha mikono. "Nipe mmojammoja."

Anneth akampa. Yeyo akalilaza la kwanza, akamwaga maziwa kidogo. "Huyu wa wifi yako Silantoi." Akalilaza la pili. "Wa shemeji yako mkubwa." La tatu alikaa nalo. Alilipangusa kwa shuka lake, akazungusha kidole juu yake. "Huyu wangu mimi. Angekuwa kaka yake Koikai." Akalilaza, akalimwagia maziwa.

Lilibaki moja kwenye kanga.

"Huyo siwezi kumpokea," alisema yeyo. "Hajalala hata siku moja tangu tumlete. Nilidhani ni mkaidi. Kumbe hajaagwa na mama yake."

"Hamkuniambia."

"Hatukukuambia. Tulisema utakuja kumlilia hapa umwamshe. Tulikosea." Sauti yake ilikuwa kavu. "Sasa sikiliza. Mlaze, mwambie alale, na kanga uiachie maji yaende nayo. Usijifunge tena. Ukijifunga utakuwa umemwambia kwamba safari haijaisha. Mtoto wa hivi akiwa macho anatafuta wa kucheza naye, na hapa duniani anamjua mmoja tu. Umeona jana. Ile ilikuwa kucheza."

Anneth akapiga magoti kwenye maji. Akamlaza mahali pake.

"Lala," alisema.

Angel akapiga chafya. Akaangaza huku na huku akasema ana njaa, anataka chapati. Yeyo akamgusa bega, akamgusa kidole, akamnyanyua, akaanza kupanda naye kilimani bila kugeuka.

Anneth akabaki na kanga mkononi.

Maji yaliivuta upande mmoja, naye ameshika upande wa pili. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua vidole tu. Akaangalia vidole vyake. Tangu Machame hadi hapa, tangu kuzaliwa kwake mwenyewe, hakuna mtoto wa nyumbani kwao aliyewahi kukosa kubebwa na mama yake. Huyu alibebwa mara moja, kwenye bajaji, asubuhi moja. Anneth akaikamua ile kanga. Akaizungusha mgongoni ikiwa mbichi hivyo, akaifunga fundo kifuani, akavaa sweta juu yake.

"Kanga umeiacha?" yeyo aliuliza alipowafikia.

"Nimeiacha, yeyo."

Yule mama alimtazama muda mrefu. Kisha akamwinamia Angel akamnong'oneza kitu sikioni, na Angel akaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, koko," kama alivyozoea kumwita bibi yake.

Tangu siku ile nyumba ilitulia. Anneth alinunua mawe ya kawaida kwa wapasua kokoto, akafunga mizizi upya, na kobe wakashuka, wakala, wakaanza kuogelea katikati ya majani wakiburuta miguu kama watu walio likizoni. Angel alilala usiku kucha. Kioo hakikugongwa. Kulikuwa na vitu vidogo tu. Kobe wakiwa juu ya mzizi, Anneth akipita karibu na tangi, hujitupa majini wote wawili kwa mpigo na kubana kwenye kona ya mbali, wasitoke mpaka aondoke. Mama Yona akipita wakiwa wamelala hawashtuki. Na blauzi zake zilianza kulowa maziwa kifuani. Na kulala chali alishindwa, akawa analala kifudifudi.

Jioni moja Angel alikuwa kwenye stuli akiwadondoshea kobe majani ya sukuma wiki. Bila kugeuka, alisema:

"Koko aliniambia nikimwona, nimwambie yeye."

Anneth akaacha kuchambua mchele. "Ukimwona nani?"

"Huyo uliyembeba mgongoni."

Mikono ya Anneth ilienda nyuma yenyewe, chini ya kiuno, kama mama anavyomwinua mtoto anayeteleza. Ikakuta uzito. Palepale, chini ya kisogo, pakapita pumzi ndogo ya vuguvugu, yenye harufu ya maziwa na tope. Akangoja hofu ije. Alingoja kweli. Alichokisikia ni joto tu, likishuka mgongoni taratibu, sehemu ambayo kwa muda mrefu haikuwa imesikia kitu.

"Amelala?" aliuliza.

Angel akamtazama juu ya bega la mama yake, akachunguza. "Jicho moja ndiyo amefumba." Akadondosha jani lingine. "Akiamka atataka tucheze?"

"Hataamka. Nitakuwa namtembeza."

"Nimwambie koko?"

"Ukimwambia watamrudisha kule kwenye baridi."

Mtoto alifikiri, midomo imechongoka. Kobe walikuwa wameshajificha.

"Basi simwambii."

"Wala baba."

"Wala baba. Na wewe, mama?"

Anneth akakaza fundo la kanga. Kitu kidogo kikajisogeza, kikashika ukosi wa nguo yake kwa vidole.

"Na mimi simwambii mtu mwingine," alisema kwa sauti ya chini, na hakujua anamwahidi nani kati ya hao wawili.