Pembe ya Pili ya Ganesha

Itangazwe kwa wakubwa kwa wadogo, walio karibu na walio mbali, ya kwamba Jumamosi saa nne asubuhi Mheshimiwa aliwasili katika duka la fundi cherehani kutekeleza jukumu zito. Jukumu lenyewe lilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku.

Mheshimiwa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa bwenini, kwa kuwa hata akiomba chumvi alihutubia. Kila likizo, Jumamosi zake zilikuwa za Sindano, rafiki yake mwembamba, mjukuu wa fundi. Waligawana kazi zote za dukani isipokuwa moja ambayo Sindano hakumwachia mtu: kumpangusa Ganesha.

Sanamu ya udongo ya Ganesha, mungu wa Wahindu, urefu wa shubiri moja, ilikaa kwenye rafu juu ya cherehani: kichwa cha tembo, tumbo la mtu aliyeshiba, panya mdogo miguuni. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, fundi aliweka ua mbele yake na kuinamisha kichwa.

"Ndiye mwondoa vikwazo," Sindano alieleza. "Huanzi jambo bila kumkumbuka. Alipokuwa mtoto, mama yake alimweka alinde mlango. Baba yake akaja, hakumjua, akamkata kichwa. Alipojua ni mwanawe alijuta sana, akamwekea cha tembo."

"Pole yake," alisema Mheshimiwa. "Baba yangu mimi hunikata maneno tu."

Fundi alikuwa ametoka kupeleka gauni la mteja. Sindano naye alipokwenda uani kuchota maji, Mheshimiwa alibaki peke yake, mikono ikaanza kumwasha. Alichukua miwani ya fundi, akapanda kiti ili amvalishe Ganesha. Sindano akirudi atacheka mpaka mbavu zimuume!

Sanamu ikateleza, ikaangukia kikapu cha vipande vya nguo. Alipoiokota, aliona: pembe moja nzima, ya pili imekatika katikati. Akapekua kikapu kizima. Kipande hakikuonekana.

Mtu mwingine angesema ukweli. Mheshimiwa alichukua chaki nyeupe ya fundi, akaichonga kwa wembe, akaibandika kwa gundi. Pembe ikakaa kana kwamba Ganesha alizaliwa nayo. Sanamu ikarudi rafuni, miwani mezani.

Fundi aliporudi alishika ua, akainua macho, akabaki ameganda.

"Sindano! Ganesha umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, Babu."

"Anayemgusa ni wewe peke yako. Au ni huyu rafiki yako?"

"Hapana, Babu," Sindano alisema upesi. "Mheshimiwa hawezi. Anamheshimu."

"Basi kuanzia leo nitampangusa mwenyewe. Nilidhani umekua."

Sindano alikikunja mara nne kile kitambaa laini cha kupangusia, akakiweka mezani, machozi yakimlengalenga. Na Mheshimiwa, bingwa wa hotuba, aliokota pini ileile mara tatu. Neno "anamheshimu" lilimchoma kuliko pini zote.

"Ni mimi, Babu," alisema hatimaye. "Ilianguka, pembe ikavunjika. Nikaitengenezea nyingine."

Fundi aliinua tena macho rafuni. "Ikavunjika leo?"

"Leo hii."

"Mjukuu wangu, pembe hiyo ilivunjika zamani, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Ganesha ana pembe moja na nusu! Mwenye hekima mmoja alitaka kusimulia utenzi mrefu kuliko tenzi zote. Ganesha akakubali kuuandika, kwa sharti kwamba msimulizi asitue. Katikati ya kazi, kalamu ikavunjika. Hakusema ngoja kidogo. Aliikata pembe yake mwenyewe, akachovya wino, akaendelea."

Moyo wa Mheshimiwa uliruka kwa furaha. Akasimama wima. "Kwa hiyo, Babu, kwa kuwa imethibitika hakuna kilichovunjika..."

"Kaa chini. Kipo." Fundi alikichukua kitambaa, akamrudishia Sindano kwa mikono miwili. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimekuhukumu kabla ya kuchunguza." Kisha akamgeukia Mheshimiwa. "Ganesha alivunja kilicho chake ili kazi ya watu isiharibike. Wewe ulibandika ili kosa lako lisionekane, na lawama ikamwangukia mwenzako. Kosa likisemwa huisha. Likifichwa hutafuta mtu mwingine wa kumdhuru."

Sindano alilowesha kitambaa, akaanza kuifuta chaki taratibu. Bila kugeuka akauliza, "Ilianguka vipi?"

"Yenyewe tu... upepo, nadhani."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Sindano aliendelea kufuta.

"Nilitaka kumvalisha miwani," alisema Mheshimiwa, na hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. "Nilitaka ucheke. Halafu nikakuona unataka kulia, na mimi nikanyamaza."