Mgeni wa Kifaruni

Wali ulikuwa hauna chumvi. Thuwaiba aliitia mwenyewe asubuhi, jikoni kwake Acocks Green, Birmingham, akaonja, akaridhika. Sasa ilikuwa mchana, ameketi juu ya mgongo wa kifaru ndani ya karakana yao kule Tyseley, na anatafuna kitu kama pamba. Samaki naye vivyo hivyo. Mtu wa Mombasa mdhulumu vyote, lakini usimguse chakula chake, kwa hiyo kwanza alikasirika. Kuogopa kulikuja baadaye.

"Mzee, hebu onja hapa."

Baldev Singh, mshirika wake, akaonja. Alizaliwa Kisumu, mtoto wa fundi wa reli, na Kiswahili chake alikuja nacho Birmingham pamoja na sanduku la tupa. Akachota achari kutoka mkebe wake mwenyewe, akailamba, akakunja uso.

"Hii pia iko bure tu, sister. Na mkwe wangu ndiye alitengeneza, na yeye kwa chumvi hana mchezo."

Kazi yao ilikuwa kufufua vifaru vya vita vya zamani. Kipuri ambacho hakipatikani tena popote, wao walikaa wakakitengeneza. Hiki walichokuwa nacho kilitoka kwenye shamba la tajiri mmoja aliyekufa, kilikolala miaka mingi ndani ya matope, na kilikosa kifuniko cha juu na bawaba yake. Kifuniko Thuwaiba alishakimaliza, pande la chuma ambalo watu wawili hawalinyanyui bila winchi. Bawaba ilimngoja Baldev, maana mashine ya kukata chuma huifikisha karibu tu na kipimo. Kuimaliza ni tupa na mkono wa mtu.

Siku kifaru kilipoletwa, Thuwaiba alikuwa anakula palepale, akasikia kitu kikikwaruza ndani. Alidhani ni Baldev. Bila kuinua macho akasema, "Karibu chakula," kama asemavyo kila Mswahili aliyelelewa, hata chakula chenyewe kikiwa hakimtoshi.

"Nimekaribia," sauti ikajibu kutoka ndani.

Kisha Baldev akaingia kwa mlango wa barabarani, anajipangusa mvua. Thuwaiba akajiambia ni masikio yake, akaendelea kula. Tangu siku ile chumvi ikawa inapungua kidogo kidogo kwenye chakula chochote ndani ya karakana, mpaka mchana huu ikaisha kabisa.

Chumvi ya chakula ilipokwisha, ikawa zamu ya Baldev. Alikuwa akila sahani moja na Thuwaiba tangu walipofungua karakana, na sasa alianza kusahau majina, mikono ikawa inamtetemeka, jasho linamtoka bila kuacha alama kwenye shati. Akaanguka mbele ya mashine. Hospitalini daktari akasema chumvi ya mwilini imeshuka vibaya, na ikishuka hivyo tena, mzee huyu atalala asiamke. Wakamtundikia dripu, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Thuwaiba alitoka pale mguu mosi mguu pili mpaka kwa Raho.

Raho alikuwa mganga, Msomali wa Small Heath aliyekulia Eastleigh. Alikuja na msumari na kitabu chake. Akafika mlangoni mwa karakana, akakitazama kifaru, hakupiga hatua nyingine.

"Walahi, mama, majini wanakimbia chuma," alinong'ona. "Huyu amelala ndani ya chuma. Huu msumari wangu ataufanya kijiti cha meno."

"Sasa?"

"Ulimkaribisha kwa mdomo wako. Wewe mwenyeji hakugusi, lakini yeyote anayekula na wewe ni wake. Funga hapa. Uhame."

"Sihami!" Thuwaiba alisema, tena kwa sauti, ili asikike hadi ndani ya kifaru. "Hii karakana nimeijenga kwa mikono hii. Na mzee yule simwachi."

Raho alimwombea dua, akaondoka bila kugeuka.

Siku chache baadaye Thuwaiba alirudi kutoka kununua chuma. Ilikuwa saa kumi jioni, saa ambayo Desemba ya Birmingham huwa imeshazima taa zake. Viatu vya Baldev, aliyeambiwa apumzike nyumbani, vilikuwa mlangoni. Kifuniko hakikuwa mezani. Kilikuwa juu ya kifaru, kimefunga tundu sawasawa, na minyororo ya winchi ilining'inia ukutani kama alivyoiacha.

"Mzee?"

Kutoka chini ya chuma, sauti nyembamba, kama ya Baldev, ikajibu, "Mimi iko sawa, sister. Huku ndani iko joto. Wewe enda nyumbani."

Alifunga minyororo, akavuta, kifuniko kikanyanyuka, na harufu iliyotoka mle ikamrudisha nyuma, mafuta yaliyoungua na chini yake chumvi, chumvi mbichi, chumvi yote ya wali wake na ya samaki wake na ya mzee yule, imeganda nyeupe kwenye kuta za ndani, na alipoteremka akitanguliza miguu, taa ya simu mdomoni, alimwona Baldev amejikunja sakafuni macho yamefumba, na juu yake kiti cha mpiga mzinga kimebonyea, springi zimeshuka kabisa, kana kwamba kuna mtu mzito ameketi, na kiti kitupu.

Akatoa simu mdomoni, akaanza Ayatul Kursi. Sauti ya kitini ikaisoma pamoja naye, polepole, kwa tajwidi safi, na pale ulimi wake ulipoteleza kwa woga, ikamsahihisha.

Alitaka kupiga kelele, alitaka mamake. Lakini kusahihishwa! Hasira ilimpanda mpaka ikaupita woga.

"Kumbe ni Mwislamu," alisema. "Basi haya unayafahamu vizuri. Ugeni ni siku ngapi?"

Springi zikalia kidogo.

"Nakuuliza! Ugeni ni siku ngapi?"

"Tatu," sauti ikasema.

"Na wewe una wiki ngapi hapa? Umekula wali wangu, umekula samaki wangu, sasa unamla mwenzangu. Sikia. Kama ni mgeni, siku zako zimekwisha, mlango ule pale. Kama ni mtu wa nyumba hii, utafanya kazi kama sisi, na mtu wa nyumba hamli mwenzake. Chagua."

Kifaru kizima kikatetemeka, vumbi la kutu likammwagikia kichwani, na sauti ikapanda kutoka pande zote mara moja, "Mimi nimemaliza watu ndani ya chuma hiki, watano, wakiita mama zao, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekualika! Chagua!"

Mtetemeko ukapungua, ukaisha. Baldev alikoroma chini.

"Nje sina mtu," jini akasema. Sauti ilikuwa ndogo sasa. "Nifanye nini?"

Thuwaiba alitoa tupa mfukoni mwa aproni, akaiweka juu ya kiti, na pembeni yake ile bawaba aliyoikuta mkononi mwa Baldev. Kisha akamshika Baldev makwapani, akamvuta juu huku akilia na kutukana, na alipofika naye sakafu ya karakana akasikia nyuma yake tupa ikianza, kwenda na kurudi, taratibu, mkono wa mtu anayejifunza.

Baldev alilazwa wiki moja. Safari hii chumvi ilipanda ikakaa. Aliporudi, kitu cha kwanza alitaka kuiona ile bawaba. Akaipitishia kidole mara mbili.

"Kazi safi," alisema kwa unyonge. Halafu akamsogelea, akanong'ona, "Lakini sister, hii sasa imeisha. Kifaru yote karibu inaisha. Siku hakuna kazi, huyu atakula nani?"

Thuwaiba alimpigia simu mteja mmoja, Ivan, aliyekuwa akiwabembeleza wachukue mabaki ya vifaru vyake, vyuma vilivyooza ambavyo kila fundi alivikataa.

"Ivan? Ule mzigo wako. Ulete wote," alisema, macho yake hayatoki kwenye lile tundu. "Na kama una vingine vibovu zaidi, lete."