Chai ya Colombe

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyepiga kelele katikati ya soko la Kadutu: "Huyu ndiye ananiua!"

Na niliyemnyoshea kidole ni Colombe. Tumeshona naye meza moja, katika atelier yetu ya ushonaji pale sokoni, miaka tisa.

Watu walijaa haraka. Mmoja akaokota jiwe...

Ngoja niwaeleze. Miezi miwili kichwa kilikuwa kinanipasuka, nikilala ndipo kinazidi. Sikioni nasikia vuu, vuu, kwa mapigo ya moyo wangu. Na kila asubuhi Colombe ananimiminia chai, nakunywa, nainamia cherehani... giza! Baada ya sekunde chache macho yanarudi.

Shangazi yangu, Maman Euphrasie, akaniambia:

"Ile ni karuho, sumu ya polepole. Anataka abakie na atelier ye peke."

Akaninywesha dawa yake ya miti. Nilitapika siku tatu. Jicho la kushoto likaingia ukungu, na mimi mjinga nikasema dawa inapigana na sumu.

Basi pale sokoni, jiwe likiwa mkononi mwa mtu, Colombe hakukimbia. Alichukua kikombe changu cha asubuhi ile, bado kimejaa, akakinywa chote, akaniuliza:

"Leo ulikunywa chai?"

"Hapana."

"Basi inama."

"Nini?"

"Inama, Mapendo. Batu bote baone."

Nikainama. Giza likaja... lile lile.

Nilishika meza nisianguke. Aliyeokota jiwe akaliachia taratibu.

"Haiko chai," Colombe akasema. "Twende ku hospitali, kwa munganga wa macho."

Daktari alinimulika macho, akanituma kwenye skana. Ndipo akasema:

"Maman, mishipa yenye kurudisha damu kutoka ku kichwa imekuwa nyembamba. Damu inakawia kushuka, presio inapanda mule ndani, inafinya mushipa wa macho. Ungekuya mapema."

Nikageuka nimwombe Colombe msamaha. Benchi alilokalia lilikuwa tupu.

Sasa nameza vidonge na presio inashuka. Jicho la kushoto halikurudi. Colombe anashona kule soko la Nyawera; nikipita, hainui uso kwenye cherehani.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulimponza rafiki. Wewe unayesoma, macho yakikuzimikia ukiinama, nenda hospitali kabla hujamtafuta mchawi.

Siku hizi chai najimiminia mwenyewe. Sijawahi kuimaliza.