Beseni la Laurencia

Kambare wa kwanza hakunuka samaki. Alinuka maziwa yaliyoganda, na hilo lilimkera sana mzee Wilson, aliyekuwa ameendesha gari kutoka Arusha, akapita Karatu, akateremka kwenye vumbi la Mang'ola hadi bwawa la chemchemi lililo kando ya Ziwa Eyasi, mahali ambapo unaweza kukaa siku nzima usione mtu, kwa ajili ya kunusa samaki na si kitu kingine.

Mzee Wilson alistaafu kwenye ofisi fulani ambako kazi yake ilikuwa kugonga mihuri. Kibali chake cha uvuvi alikitia nailoni akakining'iniza shingoni. Kilikuwa na masharti kumi na manne. La tisa lilimtaka mwenye kambi athibitishe kwamba hakuna mwenye ugonjwa wa kuambukiza atakayegusa maji. Fabian, mwenye kambi, aliweka tiki na kusaini.

Hakudanganya. Hakuna fomu inayouliza habari za metimani.

Siku sita kabla ya safari, mke wa Fabian, Laurencia, alijifungua mtoto wa mimba ya miezi saba ambaye hakulia. Walimzika nyuma ya nyumba yao Karatu, amefungwa kipande cha kitenge cha njano. Kwa Wairaqw, nyumba iliyopatwa na jambo hilo hukaa metimani: mume na mke hujitenga kwa miezi, hawapokei mgeni, hawali na watu, na zaidi ya yote hawasogelei chemchemi, maana chemchemi ina mwenyewe, netlangw, jini wa maji, na mwenyewe huyo havumilii mikono iliyotoka kaburini. Fabian alikuwa na diploma ya utalii. Alikaa siku tano.

"Ni siku mbili tu, Lau," alisema asubuhi ya sita. "Mgeni alishapanga."

Laurencia alikuwa ameketi kitandani, gauni limelowa kifuani. Maziwa yalikuja kana kwamba mtoto yupo. Aliyakamulia kwenye beseni la bluu ili apunguze maumivu.

"Unaniacha na nani?"

"Shangazi Lusia yupo hapo jirani."

"Shangazi haruhusiwi kuingia. Unajua."

Alijua. Akachukua ndoano zake akaondoka.

Sasa mzee Wilson alimsukumia yule kambare. "Hebu mpasue, kijana."

Fabian alimpasua. Tumboni hamkuwa na utumbo. Mlikuwa na mabonge meupe, ya vuguvugu, yaliyomteleza vidoleni na kushikana na nywele za mkono wake kama kamasi.

Lembris, mlinzi wa kambi, Mmaasai wa Kakesio, alikuwa amesimama mbali, shuka puani. "Mimi nilishasema huyo ni nyoka mwenye ndevu."

"Nyoka hana maziwa, Lembris."

"Ndiyo maana nimesimama huku."

Mzee Wilson alitoa fomu ya mavuno na kalamu. "Hapa wanataka uzito, urefu na jinsia. Nimwandike jike?"

"Kambare hanyonyeshi, mzee."

"Sikukuuliza sayansi. Nimekuuliza nijaze nini."

Wa pili alikuwa hivyo hivyo, na wa tatu, ambaye alipobanwa alitoa maziwa kwenye matamvua, tone kwa tone, jambo lililomfanya mzee Wilson atapike juu ya fomu, kuanzia safu ya uzito hadi ya jinsia. Wa nne alikuwa na kitu kigumu tumboni. Fabian alikivuta. Kilitoka polepole, kirefu, kimelowa utelezi wa kijivu, na kabla hakijamalizika kutoka alishaona rangi yake ya njano na udongo mwekundu wa Karatu kwenye pindo.

Aliinuka akakimbilia majini kunawa, kwa sababu mtu mwenye uchafu ule mikononi hafikirii, na alipokumbuka kwamba maji hayo ndiyo hasa aliyokatazwa, mikono ilikuwa imezama hadi viwiko, na kitu kilikuwa kimeshaupokea mkono wake wa kulia, kitu chenye mdomo wa joto usio na meno, ufizi mtupu, kikazishika ncha za vidole vyake na kuzinyonya moja moja, kwa subira, kikionja, hadi kikafika ya mwisho na kuziachia.

Alitoa mkono. Vidole vilikuwa vimekunjamana na kupauka.

"Kimenyonya," alinong'ona.

Lembris hakutania tena. "Ndama akinyonya kidole akakuta hakuna kitu, anakwenda kumtafuta mwenye maziwa. Bwana Fabian, nilikuuliza habari za nyumbani, ukasema hawajambo. Kuna nani nyumbani?"

Fabian aliziacha ndoano palepale. Alishakuwa kwenye gari.

Alifika Karatu jua likiwa bado kali. Shangazi Lusia alikuwa ameweka sahani ya ugali langoni na kurudi nyuma hatua kumi, kama inavyotakiwa. Alipomwona mpwa wake alifunika pua.

"Umeshika nini wewe?"

Fabian alimweleza yote, kwa sauti ya chini, akitazama mlango. Shangazi alisikiliza hadi mwisho.

"Kama huyo wa majini hajanyonya," alisema, "mtoe Laurencia nje sasa hivi, nami nimwite mzee wa kumfukuza. Kama ameshanyonya, huyo ni mtoto wa nyumba. Mtoto wa nyumba hakuna anayemfukuza."

Fabian aliingia. Harufu ilimpokea sebuleni, tope na maziwa yaliyochacha, nzito kiasi cha kuonjeka ulimini, na nyuma ya harufu sauti ndogo, chwi, chwi, chwi, ikitoka chumbani, ambako Laurencia alikuwa ameketi na beseni la bluu mapajani, uso umetulia kama hajawahi kuumwa, akimshikilia kifuani kiumbe mweusi mwenye ngozi ya utelezi na kichwa kipana kisicho na shingo, ndevu zake nne zikimpapasa titi taratibu, na chini ya kichwa hicho mkono mmoja tu, mdogo, wa mtoto wa binadamu, umeshika kitenge cha njano.

"Polepole," Laurencia alisema. "Anasinzia."

"Lau, mtupe. Huyo si wetu."

"Wetu ulimwacha siku ya sita. Huyu alitoka mwenyewe kwenye beseni, mchana kweupe, akanitazama."

Fabian aligeukia dirisha. "Shangazi!"

Lakini shangazi alishaisikia ile sauti kutoka langoni. Alikuwa ameongeza sahani ya pili, na sasa alikuwa anaburuta matawi ya miiba kuziba lango, huku akiwaambia majirani waliochungulia kwamba nyumba iko metimani, mume amerudi, mtu asisogee hadi miezi itimie. Majirani waliitikia kwa heshima, wakaondoka.

"Njoo umpokee," Laurencia alisema nyuma yake. "Mkono umechoka."

Alimwekea mikononi. Kilikuwa kizito na cha joto, na maziwa yalikitoka pembeni ya mdomo yakamchuruzikia hadi kiwikoni. Kilipapasa, kikavitafuta vidole vile vile, kikavipata.

Meno mawili ya mbele yalikuwa yameshaota.